Hodi kwa Babu wa Pamoja: Kwa Nini Linux Hukataa Kuhamisha Mchakato



Naomba nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilikuwa natunza seva moja iliyotumiwa na watu wengi. Kila mwisho wa mwezi kijana mmoja wa uhasibu, nitamwita Juma ingawa si jina lake, aliwasha programu ya kuandaa ripoti. Ripoti ile ilikula kumbukumbu yote ya mashine. Barua pepe zilisimama, hifadhidata ilianza kukokota miguu, na simu yangu ilianza kulia. Nikasoma huku na huku, nikagundua kwamba Linux ina kitu kinachoitwa vikundi vya udhibiti: unatengeneza kikundi, unakiwekea kikomo cha kumbukumbu au cha prosesa, kisha unaingiza mchakato ndani. Nikatengeneza kikundi nikakiita ripoti. Nikakipa kikomo cha gigabaiti 2. Nikamkabidhi Juma umiliki wa folda ile pamoja na kila faili lililokuwemo, nikamwambia, "Kabla hujawasha ripoti yako, jiingize humu."

Juma akaandika amri niliyomfundisha. Mashine ikamjibu kwa ufupi wake wa siku zote: Permission denied. Hana ruhusa.

Nikakagua faili. Mmiliki: juma. Ruhusa ya kuandika: ipo. Nikakagua tena, kama mtu anayepapasa mfuko uleule akitafuta funguo ambazo anajua hazimo. Mwishowe nikafanya jambo ambalo sidhani kama niko peke yangu ukumbini humu niliyewahi kulifanya: nikaandika chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, kwa mti mzima wa vikundi. Amri ya Juma ikapita. Nikaenda kunywa chai.

Nitawaeleza baadaye chai ile ilinigharimu nini. Kwanza niseme lile nililokuja kulisema. Nilidhani kerneli, kiini cha Linux, inamuuliza Juma: una ufunguo wa chumba unachotaka kuingia? Ufunguo alikuwa nao. Kumbe swali la kerneli lilikuwa jingine kabisa: nani mwenye mamlaka juu ya nyumba unayotoka na nyumba unayokwenda, zote mbili kwa pamoja? Hapo Juma hakuwa na jibu, na mimi niliyejiita msimamizi sikujua hata kama swali hilo lipo.

Mti wenyewe

Vikundi vya udhibiti vilianza mwaka 2006 ndani ya Google, kwa kazi ya wahandisi Paul Menage na Rohit Seth. Mwanzoni viliitwa makontena ya michakato, lakini neno kontena lilikuwa tayari limebeba maana nyingi mno katika kerneli, jina likabadilishwa. Januari 2008 vikaingia katika kerneli rasmi, toleo la 2.6.24. Muundo ule wa kwanza uliruhusu miti mingi: mti wa kumbukumbu, mti wa prosesa, mti wa diski, na mchakato mmoja ungeweza kukaa tawi hili kwenye mti mmoja na tawi lile kwenye mti mwingine. Vurugu zake ndizo zilizomfanya Tejun Heo aongoze kazi ya kuandika toleo la pili, lenye mti mmoja tu. Toleo hilo lilitangazwa rasmi katika kerneli ya 4.5, Machi 2016. Fedora ililifanya la kawaida mwaka 2019 kwa toleo lake la 31, na Debian ikafuata mwaka 2021 kwa toleo la 11.

Msidhani haya ni mambo ya seva za mbali. Simu ya Android uliyoizima sauti ili unisikilize inatumia vikundi hivihivi: programu iliyo mbele ya macho yako hukaa kikundi kimoja, na zile zinazofanya kazi kwa nyuma hukaa kikundi kingine chenye mgao mdogo wa prosesa.

Kwenye seva, mti huo unaonekana kama folda, kuanzia /sys/fs/cgroup. Kila folda ni kikundi. Ukitengeneza folda mpya kwa mkdir, kerneli yenyewe huijaza mafaili papo hapo: memory.max kwa kikomo cha kumbukumbu, pids.max kwa idadi ya michakato, na lile linalotuhusu leo, cgroup.procs. Ukilisoma faili hilo unapata orodha ya namba za michakato iliyomo. Ukiandika namba ndani yake, namba moja kwa kila mwandiko, mchakato wenye namba hiyo unahama kutoka ulipokuwa na kuingia hapo. Mchakato unaozaliwa baadaye hurithi kikundi cha mzazi wake.

Mafaili haya hayakai kwenye diski. Ni sura ambayo kerneli inatuonyesha ili tuzungumze nayo. Ndiyo maana ukizima na kuwasha mashine, folda zako na ruhusa ulizotoa vyote vinatoweka. Na ndiyo maana pia kuandika humo si kuandika: ni kutoa ombi. Ombi linaweza kukataliwa na mlinzi wa mlangoni, au likapokelewa mlangoni likakataliwa na wenye nyumba. Mafundi wengi tunachanganya hawa wawili, na hapo ndipo saa zetu zinapopotelea.

Kukataliwa mlangoni

Tazameni kwa makini majibu mawili ya sheli. Hapa sisemi kituo cha mafuta. Nasema ile programu inayopokea amri zako kwenye terminali, kwa mfano bash. Jibu la kwanza:

bash: /sys/fs/cgroup/ripoti/cgroup.procs: Permission denied

Jibu la pili:

bash: echo: write error: Permission denied

Kwa miaka mingi niliyasoma kama jibu moja. Ni mawili. La kwanza linasema faili halikufunguka: umekataliwa mlangoni. La pili linasema faili limefunguka vizuri, namba yako imepokelewa, kisha kerneli ikakataa kumhamisha uliyemtaja. Ukiona maneno write error, acha kuhangaika na chmod ya faili hilo. Mlango ulikwisha funguka.

Kwa jibu la kwanza sababu ni chache, na ya kwanza iko wazi: faili si lako. Ya pili ni mtego wa sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo), ambao huwanasa hata wazee wa kazi. Mtu anaandika:

sudo echo 4127 > /sys/fs/cgroup/ripoti/cgroup.procs

Anakataliwa, anashangaa, kwani ametumia sudo! Lakini anayefungua faili upande wa kulia wa ile alama ni sheli yako, kwa jina lako, kabla sudo haijaitwa kabisa. Ni sawa na kumwomba mkubwa akuandikie barua, kisha wewe mwenyewe ukaipeleka kwenye ofisi ambayo walinzi wake hawakujui. Mpe mkubwa aipeleke:

echo 4127 | sudo tee /sys/fs/cgroup/ripoti/cgroup.procs

Sababu ya tatu ndiyo iliyowahi kunikosesha usingizi, kwa sababu humkataa hata root. Mtu ameingia kama root, ameandika amri, na bado anaambiwa hana ruhusa. Root hana ruhusa? Kwenye Linux? Anaanza kushuku virusi. Ukichunguza, utakuta faili lenyewe halipo. Katika folda ya kawaida, ukielekeza maandishi kwenye faili lisilopo, linaundwa. Katika mti wa vikundi hakuna mtu anayeruhusiwa kuunda faili. Mafaili huletwa na kerneli peke yake. Kwa hiyo jaribio la kuunda faili linajibiwa kwa kunyimwa ruhusa, si kwa kuambiwa kwamba hakuna kitu kama hicho. Umekosea herufi ukaandika cgroup.proc? Utanyimwa. Umefuata mwongozo wa zamani unaotaja faili liitwalo tasks, ambalo toleo la kwanza lilikuwa nalo na la pili halina? Utanyimwa. Unataka kuandika memory.max, lakini kikundi cha juu hakijawasha kidhibiti cha kumbukumbu kwa ajili ya watoto wake? Faili hilo halitakuwepo, na utanyimwa vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu ruhusa, fanyeni mambo mawili. Orodhesha folda kwa ls uone kama faili lipo. Kisha uliza mti wenyewe ni wa toleo gani:

stat -fc %T /sys/fs/cgroup

Ukijibiwa cgroup2fs, uko toleo la pili. Ukijibiwa tmpfs, uko kwenye miti mingi ya zamani, na kanuni zake ni nyingine: kule, kama wewe si root, mchakato unaouhamisha sharti uwe wa kwako. Katika toleo la pili sharti hilo liliondolewa. Pale umiliki wa mchakato si hoja tena, na hili linatupeleka kwa babu.

Babu wa pamoja

Turudi kwa Juma. Jibu alilopewa siku ile lilikuwa na maneno write error. Mlango ulifunguka. Ningeyasoma vizuri, ningemwambia aandike amri moja tu:

cat /proc/self/cgroup

Nayo ingemjibu kitu kama hiki:

0::/user.slice/user-1000.slice/session-3.scope

Hapo ndipo Juma alipokuwa amekaa, kwenye tawi ambalo mfumo ulimwekea alipoingia kwa SSH. Alikokuwa anakwenda ni /ripoti. Sasa chora njia mbili hizo kuelekea juu mpaka zikutane. Hazikutani kwa Juma. Hazikutani popote kabla ya kufika kwenye mzizi wa mti wote, /sys/fs/cgroup, na cgroup.procs ya pale ni mali ya root.

Kanuni ya toleo la pili inasema hivi: anayehamisha mchakato awe na ruhusa ya kuandika kwenye cgroup.procs ya kikundi unakokwenda, na awe na ruhusa ya kuandika kwenye cgroup.procs ya babu wa karibu zaidi anayeunganisha kikundi unakotoka na kikundi unakokwenda. Juma alitimiza sharti la kwanza. La pili hakulitimiza, na hakuna kitu ambacho angeweza kukiona ndani ya folda yake kingemweleza hivyo.

Mafundi wa Ulaya na Marekani huieleza kanuni hii kwa michoro. Sisi tumekulia ndani yake. Mtoto anayelelewa kwa baba mdogo hahamii kwa shangazi eti kwa kuwa shangazi ana kitanda kitupu. Shangazi anaweza kuwa tayari, mtoto mwenyewe anaweza kutaka, lakini kuna mzee aliye juu ya nyumba zote mbili, na bila neno lake uhamisho huo ni utoro. Kama nyumba zote mbili ni za watoto wa shangazi, shangazi anatosha. Hakuna haja ya kumwamsha babu. Kadiri nyumba zinavyokuwa mbali kwa ukoo, ndivyo mzee anayehitajika anavyokuwa wa juu zaidi.

Mtu atauliza: kuna ubaya gani Juma akijifungia mwenyewe kwenye kikomo? Anajipunguzia, haongezi. Swali zuri. Jibu lake ni kwamba ukuta uliomzuia Juma kuingia ndio uleule ambao ungemzuia kutoka. Kikomo cha gigabaiti 2 kina maana ikiwa tu aliyewekewa hawezi kuinuka akahamia kwenye tawi lisilo na kikomo. Na ikiwa amekabidhiwa matawi mawili, mgao uliogawiwa kwa kila tawi una maana ikiwa tu hawezi kuhamisha mzigo wa hili akautwika lile bila aliyegawa kujua. Kerneli haina sheria moja ya wanaoingia na nyingine ya wanaotoka. Ina sheria moja ya mpaka.

Dawa ni nini? Mguu wa kwanza uingizwe na mwenye mamlaka. Root aandike namba ya sheli ya Juma kwenye kikundi cha ripoti, mara moja. Kuanzia hapo, kila programu ambayo Juma ataiwasha kutoka kwenye sheli hiyo itazaliwa ndani. Na Juma akitaka kutengeneza vikundi vidogo chini ya ripoti na kuhamisha michakato baina yake, atahamisha atakavyo, kwa sababu njia zote za humo zinakutana kwa ripoti, na ripoti ni yake.

Kukasimu, si kugawa

Waliosoma utawala wanajua tofauti ya kukasimu madaraka na kugawa mali. Nilipomkabidhi Juma folda pamoja na kila kilichomo, nilikosea kwa mara ya pili, kosa ambalo hata mashine haikulilalamikia.

Fikirini mwenye nyumba na mpangaji wa fremu. Mpangaji anaweza kugawa fremu yake kwa mbao, akamweka fundi cherehani huku na muuza vocha kule. Huo ni uhuru wake. Lakini mwenye nyumba aliyemwekea kikomo cha umeme hampi ufunguo wa kisanduku cha mita. Katika mti wetu, memory.max ya kikundi cha ripoti ndiyo mita: imo ndani ya folda ya Juma, lakini ni kauli ya aliye juu yake. Mimi nilimpa mita. Angeandika max ndani yake, kikomo changu kingekwisha.

Vya kukabidhi ni vichache: folda yenyewe, ili aweze kutengeneza vikundi vidogo, cgroup.procs, ili ahamishe michakato, cgroup.threads, kwa wanaogawa nyuzi za mchakato mmoja, na cgroup.subtree_control, ili aamue vidhibiti gani viwashwe kwa watoto wa kikundi chake. Kerneli yenyewe huorodhesha mafaili ya kukabidhiwa katika /sys/kernel/cgroup/delegate, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Lakini hata hilo sikupaswa kulifanya kwa mkono. Kwenye mifumo mingi ya leo mti wa vikundi una msimamizi, naye ni systemd. Kujijengea folda kwenye mzizi bila kumjulisha ni kuinua banda kwenye kiwanja cha mtaa bila mjumbe kujua: litasimama leo, kesho utakuta vijiti. Systemd hukasimu tawi moja kwa kila mtumiaji aliyeingia. La Juma, mwenye namba 1000, lingekuwa user@1000.service, chini ya user-1000.slice.

Na hapa pana mtego mwingine. Sheli ya Juma iliyotoka SSH haimo ndani ya user@1000.service. Imo session-3.scope, pembeni yake. Hao ni ndugu wawili, na mzazi wao user-1000.slice ni mali ya root, ingawa ana namba ya Juma kwenye jina. Kwa hiyo Juma akijaribu kuhamisha sheli yake kuingia kwenye tawi alilokasimiwa, atakataliwa tena, safari hii ndani ya jina lake mwenyewe. Wengi huachia hapo, wakiapa kwamba mfumo ni mbovu. Njia iliyonyooka ni hii:

systemd-run --user --scope -p MemoryMax=2G ./ripoti.sh

Hebu tazameni kinachotokea ndani ya amri hiyo, maana ndicho kilichonipa jina la mhadhara huu. Msimamizi mdogo, yule systemd anayemtumikia Juma peke yake, anatengeneza kikundi ndani ya tawi lake na kujaribu kuuingiza mchakato. Kerneli inamkataa kama ilivyomkataa Juma, kwa sababu ileile. Msimamizi mdogo habishani wala hatafuti chmod. Anapiga hodi kwa msimamizi mkuu, mchakato namba 1, anamwomba amhamishie. Mkuu anahakikisha kwamba mchakato unaohamishwa na kikundi kinachoupokea ni vya mtumiaji yuleyule aliyeomba, kisha anauhamisha, kwa kuwa yeye ana mamlaka kwa babu. Kanuni haikuvunjwa, ombi limefika kwa anayestahili kuombwa.

Kama unachoendesha ni huduma ya kudumu, weka Delegate=yes kwenye faili lake la systemd pamoja na jina la mtumiaji, na tawi litakabidhiwa kihalali. Mjue pia kwamba si vidhibiti vyote hukasimiwa kwa kawaida. Ukihitaji cpuset au io kwa watumiaji, kwa mfano wanaoendesha kontena bila root, msimamizi avitaje kwenye mstari wa Delegate= ndani ya faili lililowekwa katika /etc/systemd/system/user@.service.d, kisha systemd isomeshwe upya na mtumiaji atoke na kuingia tena.

Wanaovaa nguo za ruhusa

Kuna makosa mengine ambayo watu huyaleta kwangu wakisema ni ya ruhusa, nami nitayapitia upesi.

Ukiambiwa Device or resource busy, hujanyimwa ruhusa. Umevunja kanuni ya makazi. Katika toleo la pili, ukiacha mzizi, kikundi kilichowasha vidhibiti vya rasilimali kwa watoto wake hakiruhusiwi kuwa na michakato yake chenyewe. Michakato ikae kwenye majani, si kwenye matawi. Juma akiwa na sheli ndani ya ripoti kisha ajaribu kuwasha kidhibiti cha kumbukumbu kwenye cgroup.subtree_control ya ripoti, atapata jibu hilo. Atengeneze kwanza kikundi kidogo, ahamishie sheli humo, ndipo awashe.

Ukiambiwa Operation not supported, huenda kikundi hicho kiko kwenye mfumo wa nyuzi na hali yake si halali kupokea mchakato mzima; soma cgroup.type. Ukiambiwa No such process, mchakato umekwisha kufa kabla hujauhamisha, jambo la kawaida kwa programu za sekunde mbili. Ukiambiwa Read-only file system, basi uko ndani ya kontena ambamo mti umefungwa kwa kusoma tu, na hakuna chmod itakayokusaidia. Suala hilo ni la aliyewasha kontena. Na kwenye mashine za zamani za toleo la kwanza, ukiambiwa No space left on device huku diski ina nafasi tele, kikundi chako cha cpuset hakijaandikiwa prosesa wala sehemu ya kumbukumbu. Kijaze vitu hivyo kwanza.

Bei ya chai

Sasa nilipe deni langu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi yalivunjika yote mawili.

Chmod 777 ilifungua cgroup.procs ya kila kikundi, pamoja na ile ya mzizi. Kwa kuwa toleo la pili haliulizi mchakato ni wa nani, mtumiaji yeyote wa seva aliweza sasa kuhamisha mchakato wa mtu yeyote kwenda popote. Wiki mbili baadaye ripoti ikala kumbukumbu tena. Nikakimbilia kikundi cha ripoti, nikakuta kitupu. Juma alikuwa ameona kazi yake inakwama ndani ya gigabaiti 2, akajihamishia kwenye mzizi. Hakuvunja kitu, hakudukua kitu. Alipita mlango nilioubomoa mwenyewe.

Na hilo lilikuwa jepesi. Katika kerneli za sasa kila kikundi kisicho mzizi kina faili liitwalo cgroup.freeze na jingine liitwalo cgroup.kill. Andika 1 kwenye la kwanza, michakato yote ya kikundi inaganda. Andika 1 kwenye la pili, yote inauawa papo hapo. Mtu aliyefungua mti mzima kwa 777 amempa kila mtumiaji uwezo wa kuua hifadhidata kwa herufi moja. Kilichoniokoa ni kwamba hakuna aliyejua, na kwamba siku umeme ulipokatika na seva kuwaka upya, ruhusa zangu zilifutika zenyewe. Sikuwahi kuushukuru umeme kukatika kabla ya siku ile.

Kama mnadhani uzembe huu ni wa mafundi wachanga tu, kerneli yenyewe iliwahi kukosea kwenye swali hilihili. Ukaguzi wa babu wa pamoja ulikuwa ukitazama sifa za mchakato unaoandika, si za aliyelifungua faili. Mtu asiye na mamlaka angeweza kufungua cgroup.procs aliyo na ruhusa nayo, akairithisha kwa programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya root kama mahali pa kutolea maandishi yake, na programu hiyo bila kujua ingeandika kwa uzito wa root. Dosari hiyo ilipewa namba CVE-2021-4197. Marekebisho yake, yaliyoingia mwanzoni mwa 2022, yaliamua kwamba kinachopimwa ni sifa za yule aliyefungua faili, wakati alipolifungua. Kwa lugha ya kwetu: ukimtuma mtu mkubwa bila yeye kujua anachotumwa, mlinzi atatazama uso wako wewe uliyetuma.

Ndugu zangu, namalizia. Nimewapa amri kadhaa leo, na nyingi mtazisahau kabla ya kufika kituo cha daladala. Bakini na mwenendo mmoja. Siku hizi fundi kijana akinipigia simu usiku akisema mashine inamkatalia kuingiza mchakato kwenye kikundi, simuulizi faili ni la nani. Namuuliza jibu lilikuwa na maneno write error au halikuwa nayo. Akisema yalikuwemo, namuuliza mchakato unatoka wapi. Mara nyingi kimya kinapita kwenye simu, kwa sababu alikuwa anatazama kule unakokwenda tu. Kisha nasikia vidole vyake vikigonga cat /proc, na kabla sijasema neno jingine ananiambia, "Mzee, nimemwona babu."